Tumbuu ya Nje

Alhamisi ile, adhuhuri imeshasaliwa na mtaa mzima umelala usingizi wa mchana, Shukriya alisikia nyundo ikigonga mlango wa chumba chake kwa nje. Mwanzo alidhani ni Bi Ghalia anabisha. Kisha akaijua nyundo. Siku kumi na moja alikuwa akiisikiliza kutoka huku juu, na alijua mwenyewe anavyoipiga: mbili nyepesi, moja nzito, akapumzika. Hapakuwa na fundi mwingine katika mji mzima wa Ibra, huko Oman, aliyepiga hivyo. Alikuwa Nadhir. Nadhir yule yule aliyemwambia juzi tu kwamba atamwoa hata ikibidi angoje mpaka meno yamdondoke, alikuwa amesimama nje ya mlango wake akipigilia tumbuu, kile chuma cha kutilia kufuli, ili yeye afungiwe ndani.

"Imeshika?" Ami Marzouq aliuliza kwa Kiarabu. Sauti yake ilikuwa karibu kabisa na mbao.

"Imeshika, bwana," Nadhir alijibu kwa Kiarabu vile vile.

Ami alilitia kufuli, akalitikisa kidogo kwa vidole, akaridhika. Shukriya alisikia mlio mdogo wa ufunguo. Alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, magoti kifuani, na alihisi mlio ule umempita mbavuni.

Halafu Nadhir akasema neno kwa Kiswahili, kwa sauti ya mtu anayezungumza na Bi Ghalia aliyekuwa chini ya ngazi. "Mama, mlango mzee huu hautaki ubabe. Hata siku ukiuona mkaidi, usiupige mateke. Uegemee tu, kwa uzito wako wote."

Ami Marzouq hakujua Kiswahili ila *maji*, *chai* na *njoo hapa*, kwa hiyo hakuuliza. Bi Ghalia akaitikia kwa unyonge kwamba amesikia. Nyayo za wanaume wawili zikateremka. Shukriya alibaki ameutumbulia macho ule mlango. Jamani, mtu anakufungia, kisha anatoa na mafunzo ya kutunza mbao. Akaapa, peke yake mle ndani, kwamba mlango ule hatauegemea wala hatauwekea mkono maadamu una msumari wa mtu huyo.

Sasa na sisi tusimlaani Nadhir kabla hatujajua kilichomfikisha kwenye ngazi ile.

Nyumba ya Ami Marzouq ilikuwa katika mtaa wa zamani, kwenye yale majumba ya mawe na udongo ambayo watu walikuwa wakiyahama kidogo kidogo kwenda kwenye saruji, karibu na barabara mpya. Mwaka ule wa sabini na tisa kila aliyejenga aliweka geti la chuma, la kijani au la buluu, ambalo likifunguliwa linapiga kelele mpaka jirani wa tatu anajua nani karudi. Ami Marzouq hakutaka hata kusikia habari ya geti. Yeye alikuwa na mlango aliouweka babu yake, wa mbao za mkunazi, pande mbili nzito zilizochongwa maua na misokoto toka juu mpaka chini, na njumu za shaba zimepangwa safu kwa safu. Upande wa kulia ulikuwa na kijilango cha kupitia mtu mmoja, na anayepita lazima ainame. Ami alipenda kuwaambia wageni kwamba hata aje mkubwa wa namna gani, kwake atainama.

Lakini mlango ulikuwa umechoka. Mchwa walikuwa wamekula kizingiti, na ule mhimili wa katikati ulikuwa umepasuka. Na harusi ilikuwa inakaribia, na Ami hakutaka mwanawe aolee kwenye mlango unaochechemea. Akaulizia fundi. Akaambiwa yuko kijana mmoja huko Sur, wa watu wa Unguja, baba yake fundi wa milango na yeye vile vile, kwa mkono wake utadhani mbao ni unga wa ngano.

Nadhir alikuja akaung'oa mlango, akaulaza juu ya magogo mawili pale nje kwenye kivuli cha ukuta, na mahali pake akatundika turubai. Kwa siku kumi na moja nyumba ile haikuwa na mlango.

Bi Ghalia, mke wa Ami Marzouq, alikuwa mtu wa Malindi ya Unguja, mnene, mwenye magoti mabovu na moyo mwepesi. Kushuka na kupanda na sinia la kahawa hakukuweza. Akamtuma Shukriya, kwa sharti kwamba aweke sinia nyuma ya turubai, akohoe, arudi. Siku ya kwanza Shukriya aliweka, akakohoa, akageuka. Akasikia kutoka upande wa pili, kwa Kiswahili kilichonyooka: "Huyu aliyepika mandazi haya anaijua hiliki. Mwambieni, Mungu ampe umri."

Shukriya alikuwa hajasikia kijana akizungumza Kiswahili kile tangu alipoondoka kwao Unguja. Alicheka kabla hajajizuia. Na kicheko hicho ndicho kilichoponza kila kitu, maana siku ya pili alikaa kidogo, siku ya tatu zaidi, na siku ya nne turubai lilikuwa limekunjwa pembeni kiasi cha kupita uso.

Nadhir hakuwa mzuri wa sura wa kutajwa. Alikuwa mrefu, mkimya, na kope zake zilikuwa na vumbi la mbao muda wote, hata ukimtazama unatamani kumfuta. Lakini alipoanza kuzungumza juu ya mlango, uso wake ulibadilika kabisa. Alimwonyesha Shukriya maua ya ubavuni, akamwambia apitishe kidole.

"Unaona yanavyolalia upande mmoja? Aliyechonga alikuwa wa mkono wa kushoto. Miaka mia na ushei, na mimi najua alivyokuwa akishika patasi."

"Huoni haya kuzungumza na mbao?"

"Mbao zinanisikiliza. Watu wa hapa nikiwasalimu wananiuliza khabari za ukoo mzima, na jibu lenyewe hawalingoji."

Alicheka tena. Akapitisha kidole kwenye ua, na kidole chake kikaenda kikasimama karibu sana na cha Nadhir, na hapana aliyekiondoa cha kwake kwa haraka. Shukriya alihisi uso unamuwaka. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, na hapo ndipo mtu wa kwanza alipomtazama kama yeye ndiye khabari yenyewe.

Siku ya tisa Nadhir alikuwa akisafisha komeo, lile gogo la kufungia mlango. Akamwita asogee.

"Nimeshika milango ya Sur, ya Nizwa, ya hapa, na ile ya Unguja niliyosaidia nikiwa mdogo. Yote ya kale komeo liko ndani. Sijaona hata mmoja wenye komeo nje. Alojenga mlango alimfikiri aliye ndani, awe yeye ndiye wa kufungua." Kisha akauliza asichokuwa amethubutu kuuliza. "Shukriya, siku tisa hizi nyumba yenu wazi. Mbona hujatoka hata mara moja?"

"Kwani mlango ndio unaonizuia?"

Akamwambia. Ilikuwa mara ya kwanza kumwambia mtu.

Alikuwa na miaka kumi na mitano alipofika Ibra, yatima wa baba na mama, kaletwa kwa ndugu wa baba yake ambaye hakuwahi kuondoka Oman wala hakujua neno la Kiswahili. Bi Ghalia, ambaye ndiye angeweza kumfasiria, alikuwa Sur kwa dada yake aliyejifungua. Jioni moja Ami Marzouq akamwita barazani. Walikuwepo wazee wawili wa ukoo, Hamed na Thabit, wamekaa na bakora zao. Ami akasema maneno marefu kwa Kiarabu, akamaliza kwa kumtazama kama anayengoja. Shukriya hakuelewa. Kiarabu alichokijua kilikuwa cha kusalia. Aliona uso wa mkubwa umekunjamana, akainamisha kichwa na kukaa kimya, maana ndivyo alivyofunzwa na mama yake, mtoto akisemeshwa na mkubwa asimjibu ovyo. Wazee wakasema *alhamdulillahi*, wakampa halua.

Miezi sita baadaye, Kiarabu kilipoanza kumwingia, ndipo alipojua. Alikuwa ameulizwa kama anamridhia Humoud, mtoto wa Ami Marzouq. Na mwali akiulizwa akanyamaza, amekubali. Kwa hiyo akawa wa Humoud. Humoud alikuwa Abu Dhabi kazini. Kila Idi alikuja, akala, akasema mambo bado, akaondoka. Wala hakuoa wala hakumwacha. Na msichana aliyekwisha shikwa na mtoto wa ami yake hapana mwanamume Ibra, Sur wala Nizwa atakayeleta posa. Posa mbili zilizokaribia zilirudi njiani. Miaka saba ilikuwa imepita hivyo, na sasa Humoud alikuwa ameandika kwamba anakuja, Ijumaa hii aozwe, basi.

"Kumbe hukukubali," Nadhir alisema. Mikono yake ilikuwa imeacha kazi.

"Sikujua hata kama nimeulizwa."

"Umewahi kumwambia ami yako?"

"Nimwambie nini? Kwamba amekosea mbele ya mashahidi? Mtu aliyenilisha miaka saba?"

"Neno moja tu, Shukriya. *La*. Ukilisema hilo, mimi baba yangu namleta siku ya pili yake. Nitakuoa mimi. Hata kama nitangoja mpaka meno yanidondoke."

"Hilo neno nililikosa nikiwa na miaka kumi na mitano, na leo nalitoa wapi?"

Alikuwa akilia, lakini kwa sababu ya zile habari za meno alikuwa pia akicheka, na hivyo ndivyo Mabruka alivyomwona. Mabruka ni jirani wa dirisha la pili, mwanamke asiyelala mchana. Hakumwona mwanamume, turubai lilimficha. Aliona mgongo wa Shukriya, mtandio umeteleza, na akasikia kicheko. Kabla ya magharibi khabari ilikuwa imefika kwa Ami Marzouq kwamba mchumba wa mwanawe anachekacheka na watu wa njiani.

Ami hakumpiga, hakuwa mtu wa kupiga. Alikuwa mbaya zaidi, alikuwa mtu wa kuona aibu. Hakumshuku fundi, maana fundi anayeinamia mlango wa babu yake kwa mapenzi yale hakumwingia akilini kuwa mwanamume. Akamwita huyo huyo, akamtaka aweke tumbuu kwenye mlango wa chumba cha juu. Chumba kile zamani kilikuwa ghala ya tende, na mlango wake ulifunguka kwa nje, kwenye sakafu ya juu. Ndani ulikuwa na kikomeo chake. Nje haukuwahi kuwa na kitu.

Na hapo ndipo tulipomkuta Shukriya, sakafuni, mgongo ukutani.

Jioni ya Alhamisi Bi Ghalia aliletwa juu na chakula. Ami alifungua kufuli kwa ufunguo wake, akasimama kwenye ngazi na kugeuza uso. Bi Ghalia alikaa chini kwa shida, akamega mkate akamwekea Shukriya mkononi kama mtoto.

"Humoud kashafika," alinong'ona. "Kanenepa. Kaja na manukato na redio."

Shukriya aliukunja mkono juu ya ule mkate.

"Kaa kimya tu, mwanangu. Kesho jambo hilo la asiri litapita kama yalivyopita mengine. Hata miye niliozwa nikiwa sitaki, na leo namwona bwana mtu wangu."

"Na yeye alikataa?" Shukriya aliuliza ghafla.

"Nani?"

"Fundi. Alipoambiwa aweke tumbuu, alikataa?"

Bi Ghalia alimtazama usoni. Magoti yalikuwa mabovu, si macho. Akaelewa yote kwa mara moja, akajiziba mdomo kwa upande wa leso.

"Hakukataa," alisema mwisho. "Rangi ilimpotea kwanza. Kisha akasema ataifanya. Akakaa pale chini na tupa yake, kasugua misumari saa nzima, mpaka bwana akamwuliza tangu lini misumari inanolewa."

"Basi ainoe vizuri," Shukriya alisema, akageukia ukuta. Usingizi ulimpata karibu na alfajiri, na mkate ule ulikuwa bado mkononi.

Ijumaa baada ya sala, aliusikia mlango mkubwa ukirudishwa mahali pake. Aliusikia bila kutaka, pande mbili zikiketi kwenye bawaba, zile nyundo mbili nyepesi na moja nzito, na wanaume wakisema mashallah. Dirisha lake dogo lilitazama uchochoroni, lakini hakuinuka kuchungulia. Harufu ya mafuta ya ufuta yaliyopakwa mbao ilipanda mpaka juu. Halafu wageni wakaanza kuingia kwa kijilango, mmoja mmoja, wakiinama.

Juu ya mlango wa chumba chake palikuwa na tundu la kupitisha hewa, lililoelekea uwani, na majilisi, chumba cha wageni wanaume, ilikuwa upande wa pili wa uwa. Kwa hiyo alisikia kila kitu. Alisikia vikombe vya kahawa. Alisikia sauti ya Humoud, nzito, inayojibu kwa neno moja moja. Alisikia Shekhe Hamdun, aliyeletwa kufungisha, akisoma khutuba kwa sauti yake ya puani, kisha akiuliza swali ambalo Shukriya alikuwa amelingoja kwa miaka saba bila kujua kwamba analingoja.

"Binti ameulizwa?"

Alisimama. Sasa watakuja, alijiambia. Watapanda, watauliza nyuma ya mlango, nami nitasema.

"Ameulizwa," Ami Marzouq alijibu, na hakuwa akidanganya, maskini, hata kidogo. "Ameulizwa akanyamaza. Hamed na Thabit walikuwepo."

"Tulikuwepo," walisema wazee wawili pamoja.

Hapana aliyekuwa anakuja. Kimya cha mtoto wa miaka kumi na mitano kilikuwa kimewekwa akiba kama nafaka, na leo kinatolewa. Shukriya alifungua kinywa akaita, *Ami*. Sauti ilitoka ndogo, imekauka. Akaita tena kwa nguvu. Lakini wanawake uwani walikuwa wameshausikia mwisho wa khutuba, na Mabruka akawaanzia vigelegele, na vigelegele vikameza kila kitu.

Akasahau kiapo chake. Alikwenda mlangoni, akalaza paji la uso kwenye mbao, akalaza viganja, kifua, na uzito wake wote, si kwa kusukuma, kwa kukata tamaa. Alikuwa hana tena la kufanya ila kuegemea kitu.

Mlango ukaondoka.

Ulikwenda polepole, bila mlio, na yeye akaenda nao mpaka nje, akaanguka kwa magoti juani. Kufuli lilikuwa sakafuni, bado limefungwa, na tumbuu bado imeshikamana nalo. Misumari ilikuwa imelala pembeni yake. Ilikuwa na vichwa vipana kama misumari yote, lakini chini ya kichwa hapakuwa na urefu wa kushika mbao. Ilikuwa mifupi kama nusu ya kokwa ya tende, imesuguliwa kwa tupa na kubandikwa kwa nta.

*Uegemee tu, kwa uzito wako wote.* Kumbe alikuwa akisema naye. Alikuwa amesimama mbele ya Ami Marzouq na nyundo mkononi, akimfungulia. Shukriya alijifunika uso kwa leso, akauuma upindo kwa meno asilie, maana kulia hakukuwa na wakati.

Angeweza kukimbia. Ngazi ya nyuma ilishukia mitendeni, na mtu aliyemwachia mlango alikuwa nje. Aliwaza hivyo kwa muda wa pumzi moja. Kisha akashuka ngazi ya mbele, ile ya uwani, akapita katikati ya wanawake, na vigelegele vikakatika kimoja baada ya kingine. Bi Ghalia aliyekuwa mlango wa jikoni akataka kumshika mkono, akauacha mkono wake njiani.

Shukriya alisimama kwenye mlango wa majilisi, nyuma ya upande mmoja uliofungwa, uso umefunikwa, kivuli chake kimeingia ndani kabla yake. Wanaume wakainamisha macho. Akazungumza Kiarabu cha Ibra, kile walichomfunza wao wenyewe.

"Ami, niwie radhi. Siku ile nilikuwa na miezi mitatu hapa. Uliniuliza kwa lugha nisiyoijua. Nilinyamaza kwa adabu, kwa sababu sikuelewa. Sikukubali. Sikujua hata kama nimeulizwa."

Hamed alimtazama Thabit, na Thabit akaitazama bakora yake. Ami Marzouq alikuwa ameinuka nusu, mkono mmoja kwenye mto, uso wake umekuwa wa mtu aliyeonyeshwa mwizi ndani ya nyumba yake akajikuta ni yeye.

Shekhe Hamdun alifunga kitabu chake kwa kidole katikati. "Na leo unaelewa?"

"Leo naelewa."

"Basi mimi ndiye nakuuliza, mbele ya hawa. Unamridhia Humoud bin Marzouq awe mumeo?"

Neno lilikuwa dogo na alikuwa na hakika litamkwama. Akaushika ule upande wa mlango, akauegemea.

"La," alisema.

Humoud ndiye aliyekuwa wa kwanza kutikisika. Alishusha pumzi ndefu, mabega yakamshuka, na Shukriya akaona, au alidhani ameona, mtu aliyetuliwa gunia. Shekhe akaondoa kidole kitabuni. Akasema tu kwamba hapana ndoa hapa leo, na kwamba kahawa ya nyumba hii imekuwa nzuri siku zote, akaomba viatu vyake.

Wageni walitoka kwa kijilango, mmoja mmoja, wakiinama. Shukriya alirudi chumbani kwake mwenyewe, akakaa chini ya dirisha. Hakujua atafanywa nini. Alijua tu kwamba Ami hatamtazama usoni labda mwaka mzima, na kwamba nyumba ile ndiyo aliyonayo. Bi Ghalia alimfuata kwa kupanda ngazi moja moja, akakaa karibu yake, bega kwa bega.

Baadaye kidogo Ami Marzouq alipanda. Hakuingia. Walimsikia akisimama mlangoni, akiinama, akiokota. Kisha akashuka tena, na wote wawili wakainuka kwenda dirishani.

Nadhir alikuwa amekaa uchochoroni, mgongo ukutani, kapu la vyombo vyake limeshafungwa tangu mchana. Kazi ilikuwa imekwisha saa nyingi lakini hakuondoka. Ami alitoka kwa kijilango akamfungulia kiganja chenye kimsumari kimoja.

"Hii kazi yako?"

Nadhir alisimama. "Yangu, bwana."

"Ungenambia hutaki, ningemwita mwengine."

"Ndiyo. Na mwengine angepigilia kweli."

Ami alikitazama kile kimsumari. "Umeutoboa mlango wa ghala ya babu yangu bure."

"Matundu sita, madogo. Nikipata kipande cha mkunazi kilichokauka vizuri nitayaziba, hutaona kitu."

"Ukayazibe."

"Jumamosi ya kesho, inshallah."

"Kesho."

Ami aligeuka. Alikuwa ameshaweka mkono kwenye kijilango Nadhir alipomwita tena, na sauti yake safari hii haikuwa ya fundi.

"Bwana Marzouq. Kesho nije peke yangu na patasi, au nije na baba yangu?"

Dirishani, Shukriya alimshika Bi Ghalia mkono mpaka bangili zikamwingia nyamani. Ami Marzouq alibaki amesimama, amempa Nadhir mgongo. Alipitisha kiganja kwenye maua ya mlango, yale yanayolalia upande mmoja. Alikohoa. Wakangoja aseme. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Akainama, akaingia ndani, na kijilango akakiacha wazi.

Bi Ghalia alivuta pumzi. "Kanyamaza," alisema polepole. "Shukriya, umesikia? Bwana kanyamaza."

"Nimesikia, mama."

"Basi mashahidi tupo wawili."